Adolf von Baeyer: Bwana wa Nili na wa Mng'ao

Mtu apitaye Biashara Street, Mombasa, asubuhi wakati wenye maduka wanapotundika leso milangoni, hukutana na rangi kabla hajakutana na watu. Nyekundu, manjano, samawati na zambarau huning'inia jozi kwa jozi, na macho hayajui yaanzie wapi. Miongoni mwa maduka ya mtaa huo limo la Kaderdina Hajee Essak, ambalo chapa yake ya Mali ya Abdulla yajulikana pwani nzima, na ambalo historia yake inarudi nyuma hadi mwaka 1887. Wataalamu wa Kiswahili wameandika mengi kuhusu majina ya leso, yaani yale maneno yachapwayo chini ya mji. Kuhusu rangi inayoyabeba maneno hayo wameandika machache mno.

Mtaani humo mna rangi za namna mbili. Zile za leso hunyonya sehemu ya nuru na kuiacha iliyobaki itufikie machoni. Namna ya pili haionekani kwa urahisi. Kanzu mpya huonekana nyeupe kupita pamba yenyewe, kwa kuwa imetiwa kemikali inayopokea miali ya urujuanimno, ambayo jicho halioni, na kuirudisha ikiwa nuru ya kibuluu. Zamani kazi hiyo ilifanywa, kwa kiasi, na buluu ya kufulia. Taa ndogo inayotumiwa madukani kukagua noti nayo huzifanya nyuzi fulani za karatasi zimetemete kwa sababu iyo hiyo. Rangi za namna hii ya pili hazinyonyi nuru tu, bali huitoa upya ikiwa na rangi nyingine. Katika historia ya namna zote mbili limo jina la mtu mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga Mombasa.

Johann Friedrich Wilhelm Adolf Baeyer alizaliwa mjini Berlin tarehe 31 Oktoba 1835. Babake, Johann Jacob Baeyer, alikuwa afisa wa jeshi la Prussia aliyepanda hadi cheo cha jenerali, lakini sifa yake kubwa haikutokana na vita. Alikuwa mpimaji wa dunia. Maisha yake yote aliyatumia kupima pembe za pembetatu kutoka mlima hadi mlima, mnara hadi mnara, ili umbo la dunia lijulikane kwa hakika. Mamake, Eugenie, alitoka katika ukoo wa Hitzig, ukoo wenye asili ya Kiyahudi na wenye watu wa sheria na fasihi. Habari hiyo ya pembetatu yafaa iwekwe akilini, kwa maana itarejea.

Mtoto huyo alianza kuchezea kemia mapema. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alitengeneza chumvi mpya ya shaba ambayo haikuwa imejulikana. Alipotimiza miaka 13 alitumia fedha za sikukuu ya kuzaliwa kwake, thaler mbili, kununua bonge la nili. Wakati huo nili ilikuwa bidhaa kubwa ya dunia. Ilitoka kwenye majani ya mnili, hasa nchini India, na ndiyo iliyotia rangi vitambaa vya mabara yote. Katika pwani ya Afrika Mashariki ilijulikana zaidi kwa kaniki, ile nguo yenye weusi unaoelekea buluu, ambayo shehena zake zilivuka bahari kutoka magharibi mwa India na kuvaliwa na wanawake wa pwani na bara. Hakuna aliyejua jinsi molekuli ya nili ilivyoundwa. Mtoto wa Berlin hakulijua hilo pia, lakini alilishika bonge lake na kulitafakari, na kutafakari huko kuliendelea kwa miongo kadhaa.

Chuoni alianza na hisabati na fizikia. Baada ya utumishi wa jeshi mwaka 1856 alikwenda Heidelberg kwa Robert Bunsen, kisha akahamia katika maabara ndogo ya binafsi ya August Kekulé, ambaye wakati huo hakuwa na umaarufu. Alipata shahada yake ya uzamifu Berlin mwaka 1858, akamfuata Kekulé hadi Ghent nchini Ubelgiji, na mwaka 1860 akarejea kwao. Kazi aliyoipata ilikuwa katika chuo cha ufundi cha Berlin. Mshahara ulikuwa haba, lakini maabara ilikuwa kubwa, naye akakaa hapo miaka 12. Huko ndiko alikoipata asidi ya babituriki, ambayo wengine baadaye walitengeneza kwayo dawa za usingizi. Mwaka 1868 alimwoa Adelheid Bendemann, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka huohuo wa 1868 vijana wawili wa maabara yake, Carl Graebe na Carl Liebermann, walifanikiwa kutengeneza alizarini, yaani kiini cha rangi nyekundu iliyokuwa ikitolewa katika mizizi ya mmea wa madder. Walikuwa wametumia mbinu ya mwalimu wao ya kuipasha moto rangi pamoja na unga wa zinki ili ifichue mifupa yake. Baada ya miaka michache wakulima wa madder katika Ufaransa na Uholanzi hawakuwa na soko. Hilo lilikuwa onyo la yale yatakayoufika mnili.

Kabla ya nili, hata hivyo, kulikuja mng'ao. Elimu ya mng'ao ilikuwa changa. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes wa Cambridge alikuwa ameeleza kwamba maji yaliyotiwa kwinini, dawa ileile ya malaria, huonyesha buluu juani kwa kuwa yanapokea nuru isiyoonekana na kuitoa ikiwa imepungua nguvu. Vitu vilivyojulikana kuwa na tabia hiyo vilikuwa vichache, na vingi vilitoka kwenye mimea na madini. Mwaka 1871 Baeyer alichanganya resosinoli na asidi ya fitaliki, akavipasha moto. Kilichotoka, alipokiyeyusha katika maji yenye magadi, kiling'aa kijani kikali hata kidogo chake kikaonekana katika maji mengi. Ndicho kilichokuja kuitwa fuloresini. Mtu alikuwa ameunda kwa mikono yake molekuli inayong'aa kuliko karibu kila kitu kilichookotwa porini.

Mwaka uo huo, kwa njia iyo hiyo, alipata fenolfitalini. Hii yajulikana na kila mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya aliyewahi kupima asidi na besi katika mtihani wa vitendo, kwa sababu ndiyo inayogeuka waridi. Rangi inayo, mng'ao haina. Na ajabu ni kwamba hizi mbili ni ndugu wa karibu mno. Tofauti kubwa ya maumbile yao ni daraja dogo la atomu moja ya oksijeni, ambalo katika fuloresini linaunganisha pete mbili zisiweze kuyumba, na ambalo fenolfitalini imelikosa. Molekuli iliyopokea nuru yaweza kufananishwa na mtungi uliojaa. Ama humiminwa wote mara moja, na huo ndio mng'ao, ama maji huvuja kidogo kidogo kupitia nyufa, yakapotea kama joto na mtikisiko. Kuyumba kwa viungo vya molekuli ni ufa. Fuloresini ina nyufa chache: katika maji yenye magadi, kila chembe 100 za nuru inazozipokea, hurudisha zaidi ya 90.

Matumizi hayakukawia. Mwaka 1877 palikuwa na mabishano kusini mwa Ujerumani kuhusu mto Danube, ambao hutoweka ardhini karibu na Immendingen. Kilo 10 za fuloresini zilimwagwa humo, na baada ya saa zipatazo 60 chemchemi ya Aach, iliyo upande wa mto Rhine, ikatoa maji ya kijani. Siri ya mto ikafichuka. Leo daktari wa macho hutia tone lake jichoni ili mkwaruzo uonekane, au huidunga kwenye mshipa ili mishipa ya ndani ya jicho la mgonjwa wa kisukari ipigwe picha. Heinrich Caro, mkemia wa kiwanda cha BASF na rafiki wa Baeyer, aliitia fuloresini bromini mwaka 1874 akapata rangi nyekundu aliyoiita eosini, jina linalorejelea alfajiri kwa Kiyunani. Eosini hiyo imo katika rangi ya Giemsa, ambayo kwayo damu ya mgonjwa hupakwa juu ya kioo ili vimelea vya malaria vionekane kwa hadubini. Yule mgonjwa wa Mombasa aliyetolewa damu kidoleni hajui kwamba jibu lake limepitia kwa kitukuu wa maabara ya Berlin.

Baeyer alihamia Strasbourg mwaka 1872, na mwaka 1875 akaitwa Munich kushika kiti cha Justus von Liebig. Hapo alikaa miaka 40. Wanafunzi waliopitia mikononi mwake ni safu ya kustaajabisha: Emil Fischer, Eduard Buchner na Richard Willstätter wote walipata Tuzo ya Nobel, na Fischer aliipata mwaka 1902, miaka mitatu kabla ya mwalimu. Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya kizamani hata kwa wakati huo. Hakupenda mitambo mingi. Neli ya kioo, kijiti cha kukorogea na mwali wa moto vilimtosha kwa mengi, na aliamini kwamba mkemia hujua kitu kwa kukitazama kikibadilika mbele yake. Mahesabu marefu hakuyapa nafasi kubwa.

Nili haikuwa imemtoka moyoni. Mwaka 1880 alifanikiwa kuitengeneza kwa kuanzia na asidi ya mdalasini, na mwaka 1882, pamoja na Viggo Drewsen, akapata njia nyingine fupi zaidi. Mwaka 1883 alitangaza muundo wake. Viwanda vikubwa vilinunua haki, lakini njia zake zote zilikuwa ghali kuliko jani la mnili. Alichoka na mivutano ya viwanda akaiacha nili kwa wengine. Njia iliyofaa ilitoka kwa Karl Heumann wa Zürich, nayo BASF ikaiboresha kwa kuanzia na naftalini, ile ile inayowekwa kabatini kufukuza nondo, baada ya kipimajoto kuvunjika ndani ya chungu na zebaki yake kuonekana kuharakisha mageuzi. Mwaka 1897 nili ya kiwanda iliingia sokoni.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana katika vitabu vya kemia. Mwaka huo wa 1897 nili ya mimea ilikuwa tani zipatazo 19,000 kwa mwaka. Kufikia 1914 ilikuwa imeshuka hadi tani 1,000 hivi. Wilayani Champaran, nchini India, wenye mashamba wa Kizungu walikuwa wamewalazimisha wapangaji wao kupanda mnili katika sehemu ya ardhi yao. Bei ilipoanguka hawakuwaachia bure. Waliwatoza kodi kubwa zaidi kama malipo ya kufunguliwa kutoka katika kongwa hilo. Malalamiko ya wakulima hao ndiyo yaliyompeleka Mohandas Gandhi Champaran mwezi Aprili 1917. Kumtwika Baeyer lawama ya udhalimu huo kungekuwa kumwonea, kwani kongwa lilikuwapo kabla yake. Lakini kusimulia fahari ya nili ya maabara bila kuwataja waliolima ile ya shamba ni kusimulia nusu ya kisa. Kaniki iliyofika pwani haikubadilika rangi machoni pa mvaaji. Kilichobadilika ni jasho lililokuwa ndani yake.

Mwaka 1885, alipotimiza miaka 50, Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alimpa hadhi ya ukabaila, na tangu hapo jina lake likawa von Baeyer. Mwaka huohuo aliandika jambo fupi ambalo halikuhusu rangi hata kidogo, na ambalo pengine ndilo lililokwenda mbali kuliko yote. Ilijulikana kwamba mikono minne ya atomu ya kaboni hutanuka kwa pembe ya nyuzi 109 na nusu hivi. Baeyer alijiuliza: kaboni zikifungwa kuwa pete, pembe hiyo hukunjwa kwa kiasi gani? Pete ya atomu tatu ni pembetatu ya nyuzi 60, ya atomu nne ni mraba wa nyuzi 90, ya tano inakaribia kabisa pembe ya asili. Kadiri pembe inavyokunjwa ndivyo pete inavyokuwa na mkazo, na ndivyo inavyokuwa tayari kufumuka. Mwana wa mpimaji wa dunia alikuwa amechukua pembetatu za babake na kuzishusha hadi ndani ya molekuli. Hesabu yenyewe yaweza kufanywa na mtoto wa shule. Kwa pete kubwa alikosea, kwa vile alidhani pete zote ni bapa kama sahani, na mwaka 1890 Hermann Sachse alionyesha kwamba pete ya atomu sita hujikunja kama kiti. Kwa pete ndogo alipatia.

Hapa ndipo maisha ya Baeyer yanapogusana na kazi inayofanywa leo mbele ya tarakilishi. Mwaka 1887, mwaka uleule wa duka la Mali ya Abdulla, familia ya fuloresini ilipata rodamini, ambayo katika ncha zake mna atomu za naitrojeni zenye mikono miwili midogo kila moja. Rodamini hustahimili nuru vizuri, na kwa hiyo wachunguzi wa seli huipenda. Tatizo ni mikono hiyo. Molekuli inapopokea nuru, mkono hujipinda hadi kusimama wima dhidi ya pete, na hapo nuru huvuja kama maji katika ufa wa mtungi. Aina moja inayotumika sana ilirudisha 41 tu kati ya chembe 100.

Kwa karne nzima dawa ya tatizo la namna hiyo ilikuwa kujaribu: kutengeneza molekuli mpya, kuitazama, kuitupa, kutengeneza nyingine. Mlinganyo wa Erwin Schrödinger wa mwaka 1926 ulitoa kanuni ya kuijua tabia ya elektroni kwa hesabu, lakini kwa molekuli yenye elektroni nyingi hakuna awezaye kuutatua kikamilifu. Walter Kohn na John Pople walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kufungua njia za kuukaribia kwa tarakilishi, na mbinu iliyoasisiwa mwaka 1984 na Erich Runge na Eberhard Gross iliwezesha kuhesabu si molekuli iliyotulia tu, bali pia ile iliyopokea nuru. Basi mbunifu wa leo huweza kuichora molekuli isiyokuwapo duniani, akaupinda mkono wake kidogo kidogo hadi nyuzi 90, na kwa kila hatua akaiuliza tarakilishi nishati imepanda au imeshuka. Palipo na bonde kwenye nyuzi 90, nuru itazama humo. Palipo na kilima, molekuli itabaki imenyooka na kung'aa. Huhesabu pia nguvu ya kuinyonya nuru, kwani mwangaza ni zao la mambo mawili: kiasi kinachopokelewa na sehemu inayorudishwa.

Mwaka 2015 Luke Lavis na wenzake wa Janelia, nchini Marekani, waliiondoa ile mikono miwili ya rodamini wakaifunga kuwa pete ndogo ya atomu nne, ambayo wanakemia huiita azetidini. Badala ya 41, molekuli mpya ilirudisha 88. Mwaka uliofuata watafiti wengine, wakichanganya mahesabu ya tarakilishi na kazi ya maabara, walionyesha kwamba hata pete ya atomu tatu huzuia mkono usipinde, na wakaeleza kwa nini. Pete za atomu tatu na nne ni zilezile ambazo Baeyer alizipima mwaka 1885. Mkazo alioutambua, yaani kule kukunjwa kwa pembe kusikotaka kuongezewa msukosuko mwingine, sasa wachangia kuziba ufa wa molekuli iliyozaliwa katika ukoo wa fuloresini yake mwenyewe. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuyaweka mambo hayo mawili meza moja.

Ipo tahadhari ambayo wenye tarakilishi huijua vyema. Hesabu hizi hukadiria, hazitabiri kwa yakini. Maji yaliyoizunguka molekuli, chumvi, joto la seli, vyote huweza kuharibu utabiri uliopendeza kwenye kioo cha tarakilishi, na hatimaye lazima mtu aingie maabara akaitengeneze. Kile kijiti cha kukorogea cha Munich hakijastaafu.

Mzee mwenyewe alistaafu mwaka 1915, akiwa na miaka 80. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1905 ilikuwa imemfikia kwa kazi ya rangi na ya misombo ya pete, yaani mambo yaleyale mawili. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimnyang'anya mkwewe, mkemia Oskar Piloty, mumewe Eugenie, aliyeuawa vitani mwaka 1915. Kiti chake mjini Munich kilichukuliwa na mwanafunzi wake Willstätter. Adolf von Baeyer alifariki tarehe 20 Agosti 1917 katika nyumba yake ya Starnberg, kando ya ziwa, miezi minne baada ya Gandhi kuwasili kwa wakulima wa nili wa Champaran.